Ziwa Moja, Rangi Tatu: Utumie Rangi za Maji, za Mafuta au Akriliki?

Mtu anayetaka kuchora ziwa kwa mara ya kwanza huuliza rangi ipi ni rahisi. Mimi humuuliza kwanza ziwa lake liko katika hali gani: limelala kimya na ukungu juu yake, au lina upepo? Kwa ugumu, rangi za maji, rangi za mafuta na akriliki (rangi ya gundi ya plastiki inayochanganywa na maji) hazipishani sana. Zinapishana kwa muda zinaokuachia kabla ya kukauka, na ziwa linadai mambo mawili yasiyopatana katika mchoro mmoja. Milima ya mbali inatakiwa iyeyuke hewani bila ukingo. Mistari ya mwanga juu ya maji inatakiwa ikatike kama kwa wembe. Rangi inayokupa la kwanza kwa wepesi hukutesa kwenye la pili. Kwa hiyo nazilinganisha hizi tatu kwa kazi zinazofanya: umbali, maji yaliyotulia, maji yenye upepo, kisha mambo ya mezani.

Umbali na hewa

Kati ya jicho lako na mlima ulio ng'ambo kuna hewa, na hewa hiyo hutawanya mwanga wa jua, hasa ule wa mawimbi mafupi, yaani wa buluu. Mwanga uliotawanyika hutanda mbele ya mlima kama shela. Kinachopotea kwanza ni giza: msitu mweusi ukiwa mbali hugeuka buluu iliyopauka, ilhali kilele cha theluji hubadilika kidogo tu, tena huelekea kwenye manjano. Leonardo da Vinci aliyaandika haya katika zama zake, na bado tunakosea palepale. Tunaongeza buluu kwenye milima ya mbali lakini tunaiachia giza lake, na mlima unabaki karibu, umebadilishiwa nguo tu.

Ukungu wa asubuhi una tabia yake ya ziada. Hukaa chini, juu ya maji, kwa hiyo mguu wa mlima huwa mweupe kuliko kilele, na mlima huonekana kama unaelea. Ukichora mguu uliokolea na kilele kilichofifia, umechora mlima uliofunikwa na wingu. Nayo ni mandhari nyingine kabisa.

Kwa kazi hii rangi za maji hazina mshindani. Lowesha karatasi kuanzia angani hadi kwenye mstari wa maji, subiri madimbwi yaishe na karatasi ibaki inang'aa kidogo tu, kisha gusa kilele kwa brashi yenye buluu ya kijivu. Rangi itasambaa yenyewe kuelekea chini na kufifia, na mlima utazaliwa ukiwa na ukungu wake. Mimi huchanganya ultramarini na siena ya kuchomwa: buluu ikizidi kwa milima ya mbali, kahawia ikizidi kwa miti ya karibu. Rangi mbili tu, na mchoro mzima unakuwa wa hewa moja. Kuna sharti dogo linalowaangusha wengi: brashi isiwe na maji mengi kuliko karatasi. Ikiwa nayo, maji mapya yataisukuma rangi pembeni na kuacha madoa yenye kingo kama za ramani, katikati ya anga uliyoipenda.

Anayedhani rangi za maji ni za mazoezi tu autazame mchoro wa Turner, mchoraji wa Uingereza, uitwao The Blue Rigi, wa mwaka 1842, ulio katika hazina ya makumbusho ya Tate. Ni Mlima Rigi ukitazamwa alfajiri kutoka ng'ambo ya Ziwa Lucerne, Uswisi, na ni rangi za maji kwenye karatasi. Mlima umejengwa kwa tabaka nyembamba za buluu, moja juu ya nyingine, na maji yanaibeba rangi hiyohiyo hadi karibu na mtazamaji. Nguvu yote inatokana na wepesi wa tabaka zenyewe.

Rangi za mafuta hufika palepale kwa njia ya kupanga. Kabla ya kugusa turubai, changanya mafungu manne kwenye paleti: la miti ya karibu, la ng'ambo, la kilima cha kati na la mlima wa mwisho, kila fungu likiwa jeupe na baridi zaidi kuliko lililotangulia. Kwa kuwa rangi haikauki upesi, unaweza kulainisha kila ukingo kwa brashi pana iliyo kavu hadi uridhike. Hatari yake ni uchafu. Nyeupe ya ukungu ikibeba hata chembe ya kijani cha miti, ukungu wote unageuka tope. Futa brashi kila baada ya pigo moja, hata kama mkono unaona uvivu.

Akriliki inanivutia hapa kuliko watu wanavyotarajia. Ni kweli kwamba tabaka jembamba hukauka kwa dakika kumi hadi ishirini, na ukijaribu kulainisha ukingo wa mlima kama unavyofanya kwa mafuta, utabaki unakwaruza rangi iliyokwisha shika. Tena akriliki hukolea ikikauka, kwa sababu gundi yake, ambayo ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, hugeuka kuwa angavu. Fungu uliloliona sawa saa nne asubuhi linakuwa zito saa tano. Lakini kukauka huko kunakupa njia ambayo rangi mbichi haikupi. Chora milima yote kwa nguvu yake kamili, na giza lake lote. Iache ikauke. Kisha chukua nyeupe kidogo sana yenye buluu, ichanganye na gundi safi ya akriliki isiyo na rangi, uipitishe juu ya milima yote. Ikikauka, rudia, lakini sasa uache kilima cha karibu. Rudia tena kwa mlima wa mwisho peke yake. Kila utando unainua giza na kuacha mwanga karibu ulivyo, jambo lilelile ambalo hewa yenyewe inafanya. Hakuna zoezi lililonifundisha umbali kuliko hili, na namshauri kila anayeanza alifanye hata kama baadaye atahamia kwenye rangi nyingine.

Maji yaliyotulia

Hapa lugha yetu inatuwekea mtego. Kwa kawaida tunaita kivuli lile giza linaloangushwa na mti, na tunaita kivuli pia sura ya mti ndani ya maji. Mchoraji hana budi kuvitenganisha. Kivuli hulifuata jua. Jua likihama nacho kinahama. Taswira ya majini humfuata mtazamaji: simama popote, taswira ya mti itashuka wima moja kwa moja chini ya mti, ikija upande wako. Nguzo ikiinama kulia, taswira yake nayo huinama kulia. Mtu asiyejua kuchora hata mstari ataona kosa hapo, japo hataweza kulitaja.

Pia taswira si mandhari iliyopinduliwa. Unachokiona majini ni kile ambacho jicho lingekiona kama lingekuwa chini ya uso wa maji kwa kipimo kilekile lilicho juu yake. Daraja litakuonyesha tumbo lake. Tawi lililoinamia maji litakuonyesha upande wa chini wa majani. Nyumba iliyorudi nyuma ya ukingo itafichwa na ukingo huo, na majini utaona paa peke yake. Ukikunja karatasi katikati na kunakili upande wa juu, utapata sura ya karata, yenye kichwa juu na kichwa chini.

Kisha kuna mwanga wake. Vitu vyeupe hupoteza mwanga kidogo majini, na vyeusi hupoteza giza kidogo, hivyo taswira huwa na tofauti ndogo kuliko mandhari yenyewe. Tena maji hayaakisi sawasawa kila mahali. Ukitazama chini ya miguu yako, yanarudisha kama sehemu mbili tu kwa mia za mwanga, ndiyo maana unaona mawe na tope la chini. Kadiri macho yanavyoelekea ng'ambo, mtazamo unalala na maji yanakuwa kioo. Ziwa lililopakwa buluu moja kutoka ukingo hadi ukingo husimama wima kama ukuta kwa sababu hii: halina giza la kina mbele wala mng'ao wa anga mbali.

Sasa rangi. Kwa maji tulivu yenye taswira nyingi, miti mirefu, majani ya rangi kadha wa kadha, nachagua mafuta bila kusita. Mafuta ya kitani, yanayoshikanisha rangi hizi, hayakauki kwa kutoka mvuke. Hushikana taratibu kwa kukutana na oksijeni, na hilo huchukua siku. Kwa siku hizo ukingo uko chini ya amri yako. Weka rangi za taswira kwa mapigo ya wima, kijani chini ya kijani, kahawia chini ya shina. Chukua brashi pana laini, kavu kabisa, uvute zote kuelekea chini kwa pigo jepesi. Ifute, kisha pitisha mara moja kwa mlalo, kwa wepesi wa kugusa unyoya. Papo hapo rangi zinalala na kuwa maji. Nimelifanya hili mara nyingi na bado hunifurahisha kama mara ya kwanza. Pigo la wima linaleta kina, pigo la mlalo linaleta uso wa maji. Ukiliacha la pili una miti iliyoyeyuka tu.

Mchoraji Claude Monet, katika miaka ya 1870, alikuwa na mashua aliyoigeuza karakana ya kuchorea huko Argenteuil, Ufaransa. Kwa mchoraji wa maji faida yake iko wazi. Jicho likishuka karibu na maji, mtazamo unalala, na hata maji ya karibu yanaanza kuakisi. Kama unataka taswira nyingi katika mchoro wako, keti chini. Kama unataka kuonyesha mawe na kina cha maji ya mbele, simama au panda juu kidogo.

Rangi za maji hufanya maji tulivu vizuri pale taswira inapokuwa chache na kubwa: mlima mmoja, safu moja ya miti. Unalowesha eneo la ziwa, unadondosha rangi kutoka kwenye mstari wa ukingo, unainamisha ubao ili rangi iteremke wima, unauacha mvuto wa dunia ukusaidie. Ila kumbuka rangi za maji hufifia zikikauka, kinyume cha akriliki. Taswira unayoiona nzito ikiwa mbichi itaamka asubuhi imepauka, na maji yatakosa uzito. Ikolee kuliko moyo unavyokubali. Jaribu kwanza pembeni, kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo, na usubiri kikauke ndipo uamue.

Akriliki kwenye maji tulivu ni taabu. Dawa ya kuchelewesha kukauka inasaidia, na chupa ya kupulizia maji pia, lakini bado utakuwa unakimbizana na saa juu ya sehemu ya mchoro inayotaka utulivu.

Upepo unapopita

Upepo mdogo ukianza, taswira hazifutiki, zinarefuka. Kila kiwimbi kina mgongo ulioinama, na kila mgongo unaakisi mahali tofauti kidogo, hivyo nguzo fupi hutoa taswira ndefu iliyokatikakatika, na jua linaloshuka hutoa njia ya mwanga hadi miguuni pako. Upepo ukigusa sehemu fulani tu ya ziwa, hapo unatokea ukanda wa mlalo unaoakisi anga badala ya mlima, umekata taswira katikati. Kanda hizi ni zawadi. Zinaulaza uso wa maji kuliko kitu kingine chochote. Akseli Gallen-Kallela, mchoraji wa Finland, alijenga juu yake mchoro mzima, Ziwa Keitele wa mwaka 1905, ambao sasa uko National Gallery, London. Ni rangi za mafuta, na mistari ya fedha ya upepo inapita juu ya taswira ya kisiwa kwa pembe na mikunjo, huku ziwa likibaki limelala kabisa.

Kwa upepo akriliki inalipa deni lake lote. Chora kwanza maji tulivu, giza na taswira zake, hata kama hayakulainika unavyotaka. Yakikauka, pitisha kanda za anga juu yake kwa brashi bapa, na mistari ya mwanga kwa ncha. Ukikosea, kitambaa chenye unyevu kinafuta mstari mbichi, na tabaka la chini halisikii chochote. Unaweza kujaribu ukanda mmoja mahali patatu kabla ya kuamua. Mistari iwe mlalo kweli, myembamba na ya karibukaribu kule mbali, minene na yenye nafasi inapokaribia. Ukingo wa ng'ambo nao ulinganishe na kingo za turubai kwa rula. Ukiinama hata kidogo, ziwa litamwagika.

Kwenye rangi za maji sehemu hii ndiyo inayotoa jasho, kwa kuwa nyeupe ni karatasi yenyewe na mstari wa mwanga lazima uamuliwe kabla ya giza kuwekwa. Gundi ya mpira ya kuzibia inahifadhi nyeupe, lakini ukiibandua inaacha kingo ngumu zinazoonekana kama zimebandikwa. Mimi siitumii kwa maji ya mbali kamwe. Ukanda laini wa upepo unapatikana kwa kufuta: rangi ikianza kupoteza mng'ao, pitisha brashi bapa safi, iliyokamuliwa, mara moja tu kwa mlalo. Ukirudia pigo unaharibu. Angalia pia rangi uliyotumia, maana ultramarini inakubali kufutika, lakini buluu ya falo imeshazama kwenye nyuzi za karatasi na haitoki. Kwa vimetameta vya jua, chukua karatasi yenye uso mkwaruzo, laza brashi ubavu, ina rangi lakini maji kidogo, na uikokote haraka. Itagusa vilima vya karatasi na kuruka mabonde, na kila bonde litabaki tone la mwanga. Ni njia isiyogharimu chochote, na kwa macho yangu ndiyo inayofanana na maji kuliko zote. Mstari uliosahau unaweza kuukwangua kwa ncha ya wembe karatasi ikishakauka kabisa.

Mafuta hapa yako katikati. Nyeupe nene juu ya giza bichi hukaa vizuri ikiwekwa kwa pigo moja lisilorudiwa. Pigo la pili linachota giza la chini. Ambaye mkono wake bado unasita asubiri siku chache tabaka la chini lishike.

Mezani

Rangi za maji zinadai kidogo isipokuwa kwenye karatasi. Chukua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba. Nilianza na karatasi nyembamba, ikavimba na kujikunja, rangi ikakusanyika kwenye mabonde, na kwa miezi nikaamini kwamba mkono wangu ndio mbovu. Kama fedha ni chache, punguza idadi ya rangi, usipunguze karatasi.

Mafuta yanadai nafasi, hewa na subira. Tapentaini ya kuzimulia rangi isitumike chumba kikiwa kimefungwa. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe, kwa maana hupata joto vinapokauka na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje, au vizamishe majini ndani ya chombo cha bati chenye mfuniko. Tabaka za kwanza ziwe na mafuta kidogo na za juu zaidi zizidi kuwa na mafuta, la sivyo mchoro utapasuka. Vanishi ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi sita hadi kumi na miwili.

Akriliki husafishwa kwa maji na haina harufu kali, ila brashi ikikaukiwa nayo imekwenda. Ziache brashi zikae ndani ya maji unapofanya kazi, na nyunyizia paleti mara kwa mara.

Guashi, yaani rangi za maji nzito zisizopenyeza mwanga, na chaki laini zinastahili neno pia. Chaki laini inafanya ukungu kwa kidole tu, lakini mistari mikali ya maji inataka chaki ngumu na subira, na mchoro unataka kioo mbele yake. Guashi inafaa sana kwa michoro midogo ya kujaribu kanda za upepo.

Uchaguzi wangu

Kwa asubuhi ya ukungu, maji kimya na vitu vichache, chukua rangi za maji, hata kama utaharibu karatasi tatu kabla ya moja kusimama. Kwa jioni ya miti mizito inayoingia majini kwa rangi nyingi, mafuta. Kwa mchana wa upepo, au kwa mtu ambaye bado anajifunza taswira inaangukia wapi na anahitaji kusahihisha, akriliki. Mwenye saa moja ya jioni na meza ya kushirikiana na familia asijitie kwenye mafuta na tapentaini. Hatapata raha, na mchoro unaotaka utulivu hautautoa kwa mtu mwenye haraka.

Aliyevutwa na akriliki kwa ajili ya hewa na mafuta kwa ajili ya maji anaweza kupata vyote kwenye turubai moja. Jenga anga, milima na tando zake kwa akriliki nyembamba isiyong'aa sana, iache ikauke kabisa, kisha chora miti na taswira zake kwa mafuta juu yake. Usigeuze mpangilio huo: akriliki juu ya mafuta haishiki, na baada ya muda itabanduka.